Vifungo vinne

Jana kitindamimba wangu alikuwa anatafuta karatasi ya kuchorea, akaenda kufukua droo yangu ya chini, ile ile ambayo nimewakataza wote wasiiguse, akarudi na likaratasi limekunjwa mara nne. Akalitandaza sakafuni. "Mama, hii ni gemu gani?"

Maduara manne, vijiti vitatu vinene, mishale inapishana, na ndani ya duara moja kuna viduara vidogo vinne vya kalamu nyekundu. Hivyo vidogo nilivichora kwa kuzungushia vifungo vya koti. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Karatasi hiyo niliichora zamani, usiku wa tatu mfululizo wa kuhangaika na sistimu ya malipo ya kazini. Ile sistimu ya malipo ilikuwa inaganda, na ubaya wake ilikuwa inaganda kwa adabu: sipiyu, ubongo wa kompyuta, imepumzika, databesi haina kazi, kwenye logi, lile daftari la matukio, hakuna hata kosa moja, ni kimya tu. Ukiizima na kuiwasha inaamka inapiga kazi kama vile haijawahi kuumwa. Mwenzangu wa zamu alikuwa kwenye simu, nimeweka spika, na kila ikiganda anasema "dada, imelala tena," anaiwasha, tunarudi kusubiri. Bosi alishaamua ni mtandao. Kila kitu kwake ni mtandao.

Msimbo wa programu nilishausoma mpaka macho yanauma. Tulikuwa na vibarua wanne, ndivyo tulivyoziita zile prosesi, yaani programu zinazofanya kazi kwa pamoja, na kila kibarua akipata malipo anachukua koneksheni moja, njia ya kuongea na databesi, kutoka stoo, anaanza kazi, halafu katikati anachukua koneksheni ya pili kwa ajili ya kuandika kumbukumbu ya ukaguzi pembeni, ili hata malipo yakifeli ile kumbukumbu ibaki. Akimaliza anarudisha zote mbili. Stoo ilikuwa na koneksheni nne. Ukimfuata kibarua mmoja mwanzo hadi mwisho, huoni kosa popote. Ukimfuata wa pili, vile vile. Tukijaribu wenyewe kwenye seva ya majaribio inapita kila mara, maana tulikuwa tunatuma malipo moja moja kama watu wastaarabu.

Sijui kwa nini nilikumbuka neti za Petri, michoro ya kuonyesha jinsi matukio yanavyosubiriana. Chuoni lilikuwa somo la saa nane mchana, mwalimu anachora maduara, sisi tunasinzia. Nilichobaki nacho ni vile vitu vya kukariri kwa ajili ya mtihani: Carl Adam Petri, Mjerumani, tasnifu ya 1962 inaitwa "Kommunikation mit Automaten", na inasemekana michoro yenyewe aliianza 1939 akiwa na miaka 13, anajichorea michakato ya kikemia. Na fotokopi ya ile makala ndefu ya Tadao Murata ya 1989 kuhusu neti hizo, ambayo nilikuwa nayo kwa sababu tu sijawahi kuitupa. Sheria zenyewe ni fupi mno. Duara ni mahali, kifungo ni kitu kilichopo hapo kwa sasa, kijiti ni tukio. Kijiti kinafyatuka pale tu ambapo kila mshale unaokiingia unatoka kwenye duara lenye kifungo. Kikifyatuka kinameza kifungo kimoja kwa kila mshale unaoingia na kutema kimoja kwa kila mshale unaotoka. Basi.

Nikachora. Duara la kwanza nikaliandika Mikono Mitupu, la pili Stoo, la tatu Anayo Moja, la nne Anazo Mbili. Kopo la vifungo likawa karibu. Vinne Mikono Mitupu, vinne Stoo. Kijiti cha kwanza kinameza kimoja kutoka Mikono Mitupu na kimoja kutoka Stoo, kinatema kimoja Anayo Moja. Cha pili kinameza kimoja Anayo Moja na kimoja Stoo, kinatema kimoja Anazo Mbili. Cha tatu kinameza kimoja Anazo Mbili, kinarudisha kimoja Mikono Mitupu na viwili Stoo. Nikaanza kuchezesha kwa kidole, huku simu inahema pembeni.

Mara ya kwanza nilifanya alivyofanya kila mtu kichwani mwake, namfikisha kibarua mmoja mpaka mwisho ndipo namgusa mwingine. Inazunguka vizuri, ungeweza kuizungusha mpaka asubuhi. Halafu nikajilazimisha kuwa mchokozi. Nikafyatua kijiti cha kwanza. Nikakifyatua tena hicho hicho. Stoo imebaki na viwili. Tena. Kimoja. Hapo mkono ukasita, nakumbuka kabisa kidole kilikuwa juu ya kile kifungo cha mwisho cha Stoo, cha kahawia chenye matundu mawili, na nilikuwa na uamuzi: nikimpa mmoja wa hao watatu walioanza, atamaliza na atarudisha viwili, maisha yanaendelea. Nikimpa wa nne aanze... Hakuna sheria inayokataza. Nikampa wa nne.

Vifungo vinne vimejazana Anayo Moja. Maduara matatu matupu. Nikaangalia kijiti cha kwanza, hakiwezi. Cha pili, hakiwezi, Stoo imekauka. Cha tatu, hakiwezi. Nilikaa nikaviangalia muda mrefu kwa kweli, maana sijawahi kuuona ule ukimya wa logi kwa macho, na sasa ulikuwa pale mezani, vipande vinne vya plastiki vinangojeana. Nikachukua kalamu nyekundu nikavizungushia kimoja kimoja. Kwenye simu mwenzangu akasema, "dada, imelala tena." Nikamwambia najua.

Mengine yalikwenda haraka. Nikaorodhesha hali zote zinazofikika, yaani kila mpangilio wa vifungo unaoweza kutokea, zilikuwa 9 tu, na katika 9 hizo ni moja isiyo na pa kutokea. (Neti kubwa hazina huruma hivyo. Lile swali la kama hali fulani inafikika au haifikiki lilisumbua watu mpaka mwanasayansi wa kompyuta Ernst Mayr alipoonyesha mwaka 1981 kwamba linajibika, na 2021 ikathibitishwa kwamba ugumu wake unapanda kwa kasi ya fanksheni ya Ackermann, ambayo namba zake hupaa kwa kasi ya kutisha, yaani kompyuta yako itazeeka kabla haijamaliza. Mimi nilikuwa na 9. Nashukuru.) Nikaona pia kitu ambacho chuoni sikukielewa hata kidogo, saifoni: Stoo na Anazo Mbili ukiyachukua pamoja, kila kijiti kinachotia kifungo humo lazima kwanza kimeze kifungo humo humo, kwa hiyo siku yakikauka yote mawili hayajai tena. Nikaongeza kifungo kimoja Stoo, vikawa vitano, nikaorodhesha upya. Hali 11, na hata moja haijafa. Kama kila kibarua anahitaji mbili, basi stoo iwe na idadi ya vibarua na moja juu, akikwama kila mtu na moja yake, ile ya ziada inamtoa mmoja na huyo anawatoa wengine.

Sasa lile ambalo sijawahi kulisema. Wiki mbili kabla, stoo ilikuwa na koneksheni kumi. Aliyeipunguza ikawa nne ni mimi. Databesi ilikuwa inalalamika imezidiwa na koneksheni, nikahesabu vibarua wanne, nikaandika 4, nikaona nimefanya usafi. Na kusubiri tulikuwa tumekuweka bila kikomo, kibarua akikosa koneksheni anangoja milele, huo nao ujinga wetu wote.

Asubuhi nikaenda na karatasi na vifungo kwenye kikao. Nikawachezea mpaka vikakwama, wakakaa kimya, bosi mwenyewe akajaribu kusogeza kimoja nikamrudisha. Akauliza, sasa kosa ni la nani? Nikasema hapa hakuna kibarua mwenye kosa, kila mmoja amefuata sheria, angalieni. Na ni kweli tupu. Kwenye ile karatasi kuna vibarua, kuna koneksheni, kuna matukio yote, lakini hakuna duara la mtu aliyeweka vifungo vinne pale mwanzoni. Wakanipongeza. Mwenzangu wa zamu, ambaye nina uhakika alishaona nani alibadilisha ile namba na tarehe gani, alinitazama tu akafunga laptop yake.

Tukaweka 5. Miezi kadhaa baadaye mtu akaongeza vibarua wakawa 6, stoo ikabaki 5, na mnajua kilichofuata. Ile kanuni ya moja juu sikuwa nimeiandika popote. Ningeiandika ningetakiwa nieleze nimeijuaje, na kwa nini mwanzo ilikuwa 4.

Sasa jana nikamfundisha mtoto sheria, tukatafuta vifungo, akakwama kwenye mchezo wake wa tatu. Akaviangalia. Hakunung'unika, akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa kimoja akakitumbukiza Stoo, vijiti vikaanza kwenda tena. Nikamwambia huo ni wizi. Akasema, "lakini mama, nani aliweka vichache hivi?"

Nikamwambia karatasi za kuchorea zipo droo ya juu.