Mwamba "usiokuwepo" niliupata kwa kuhamisha waya

Tulikuwa tunatafuta madini chini ya ardhi kwa kutumia umeme, na ushauri uliotuchelewesha ulitoka kwa bwana mmoja mzoefu, mwenye sauti ya kutopingwa: "Tandazeni waya juu ya shabaha yenyewe, katikati kabisa." Unaingia akilini, ndiyo maana unaponza watu.

Tukatandaza kitanzi kikubwa, tukapitisha mkondo na kuukata ghafla. Ukikatwa hivyo, mwamba unaopitisha umeme huzaa mikondo yake huko chini, na koili ya juu huinasa ikififia ndani ya milisekunde chache. Udongo wa kawaida huzima upesi. Salfaidi nene, yaani madini ya metali na salfa tuliyoyatafuta, huchelewa. Kwetu, kimya. Bwana akatangaza hakuna kitu, tufunge virago.

Nikagoma. Tabaka za miamba pale zimesimama karibu wima. Katikati ya kitanzi uga wa sumaku nao hushuka wima, kwa hiyo unapita sambamba na bamba la madini bila kulikata. Mkondo utatoka wapi? Nikataka waya wote uhamishiwe pembeni, mbali na shabaha, ili uga ujipinde na kulipiga bamba ubavuni. Kuburuta waya ule vichakani kulinipatia majina ambayo siyaandiki hapa.

Kisha tukatembea na koili. Namba zikapanda, zikapanda, halafu zikaporomoka, zikavuka sifuri na kuwa hasi. Chini ya hapo zilipovukia ndipo kilipo kichwa cha bamba! Nilirudia kituo kile mara kadhaa, kwa raha zangu tu. Hata vipimo vya mwisho kabisa, muda ambao udongo umeshanyamaza, bado vilikuwa na nguvu.

Kagua uzio wa chuma kabla hujashangilia, nao hutoa mwitikio mzuri ajabu. Mawingu ya radi yakijikusanya, zima mashine. Hata radi ya mbali huchafua data.

Kilichoninyima usingizi ni kinywe (grafiti), kile cheusi cha kwenye penseli. Hupitisha umeme vizuri, na kampuni nyingi zimekichoronga zikidhani ni salfaidi. Lakini kinywe ni chepesi, uzito wake ni kama mara 2.2 ya maji, na pairotaiti, ambayo ni salfaidi ya chuma, ni kama mara 4.6. Tukapima graviti, yaani mvutano wa ardhi, ikapanda palepale: kilichoko chini ni kizito.

Mchorongaji alipotoa pairotaiti yenye mishipa ya shaba, yule bwana akaishika, akaigeuzageuza. "Si niliwaambia ni hapahapa?"