Nilichonyamazia kikaoni

Jumapili usiku. Watoto wamelala, umeme umerudi, na bado nina jambo la jana kifuani.

Jana tulikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wetu, nyumbani kwa baba mdogo, hapa Arusha. Tulifika kwenye suala la ukumbi. Mwenye ukumbi kagoma kupunguza hata shilingi mia. Binamu yangu, ambaye ndiye tuliyemtuma akabembeleze, akasema, "Yule mzee ni Myahudi kabisa." Tukacheka. Na mimi nilicheka, niandike ukweli. (Mzee mwenyewe ni Mlutheri, mwanakwaya.) Kisha binamu akachukua sambusa nyingine, akaongeza, "Ndiyo maana Hitler alijua anachofanya."

Wakacheka tena. Mimi nikanyamaza. Katibu akaendelea na mapambo.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa Arusha. Nilikuwa shule ya msingi wakati magari meupe ya Umoja wa Mataifa yanapita mjini kila asubuhi kuelekea AICC, lile jengo la mikutano ya kimataifa, kwenye ile tuliyoiita Mahakama ya Rwanda, iliyowahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mama mmoja Mnyarwanda alikuwa jirani yetu. Hakuwahi kutusimulia mengi. Ila siku watoto walipokuwa wanacheza huku wanaitana "mende", alitoka ndani akatutawanya kwa ufagio, na hatukuelewa kwa nini. Nilikuja kuelewa ukubwani: huko kwao watu waliitwa mende kwanza, redioni, kwa mzaha na nyimbo, ndipo mapanga yakafuata.

Tarehe 2 Septemba 1998, katika jengo lile lile, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Kosa lenyewe lilipewa jina na Myahudi. Raphael Lemkin, mwanasheria wa Poland, aliwakimbia Wanazi, akafika Marekani, na mwaka 1944 akachapisha neno aliloliunda kwa kuunganisha Kigiriki na Kilatini, "genocide", ndiyo mauaji ya kimbari, kwa kuwa aliona sheria haina jina la kuua kabila zima. Baadaye akawa anawaganda mabalozi kwenye korido za Umoja wa Mataifa mpaka wakachoka naye, hadi mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Wazazi wake walikuwa wameshauawa. Ndugu zake waliokufa mikononi mwa Wanazi walifika 49.

Kwa hiyo jirani yetu alipata pa kupeleka kilio chake kwa sababu, miaka 50 kabla, kuna mtu alikataa kilio cha kwao kiishie hewani. Na sisi tunakula sambusa tunamsifu Hitler.

Kazini nako, Ijumaa tu, niliwapa watoto matone ya polio, mawili mawili, wanakunja uso kama wamepewa shubiri. Chanjo hiyo ya matone ilitokana na kazi ya Albert Sabin, Myahudi aliyezaliwa Białystok. Hakuichukulia hataza, yaani haki ya kuimiliki peke yake. Mimi mwenyewe niliinywa, na binamu yangu pia.

Nilitaka nimpigie nimwambie hayo ya matone, halafu nikasita. Maana ni kama namwambia Wayahudi waheshimiwe kwa kuwa wametulipa. Katika wale Wayahudi milioni 6 walioangamizwa na Wanazi, wengi walikuwa mafundi viatu, washona nguo, wauza samaki, na watoto kama milioni moja na nusu ambao hawakuwahi kupata muda wa kuvumbua chochote. Wao nao wangehitaji chanjo ya kujitetea nayo?

Leo baada ya ibada nikamfuata. Nikamwambia, "Kaka, lile neno la jana halikunikaa vizuri, na nilikosea kucheka." Akaja juu: "Dada, na watoto wa Gaza je?" Nikamwambia nawalilia. Nimeona picha zile, mimi ni muuguzi wa watoto. Serikali na isemwe, waziri na asemwe kwa jina lake. Ila Myahudi muuza mkate wa mji mwingine hakurusha bomu, na mzee wetu wa ukumbi hata kwenye mazungumzo hayo hayumo. Kagoma tu kupunguza bei.

Akacheka kidogo hapo, hasira zikapungua. Nikamweleza habari ya Lemkin, kwa kifupi, maana abiria wake wa bodaboda alikuwa keshaanza kutazama saa. Alisikiliza huku anafunga kofia. Akawasha pikipiki, akaizima.

"Hao 49," akauliza, "wote ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja."

Sisi ndani ya kamati tuko 22. Nilimwona anahesabu.