Watoto na Maksai Wao: Safari ya Maonyesho ya Iowa

Ukitoka Minneapolis, huku Marekani, kwa barabara ya I-35 kuelekea kusini, mahindi yanakupokea mapema na hayakuachi hadi Des Moines. Ni karibu kilomita 400. Ukishapita Albert Lea umeingia Iowa, na cha kutazama huko ni mahindi, soya, mitambo ya upepo, halafu mahindi tena. Mwezi wa Agosti yanakuwa yamempita mtu kimo. Dada yangu na mumewe wanaishi Des Moines, na kila kiangazi shemeji hunipigia simu: "Wewe mtu wa Njoro uliyekulia kwenye ng'ombe, mbona huji kuona ng'ombe wa huku?" Safari hii nikaona bora niyamalize hayo maneno.

Maonyesho ya Jimbo la Iowa, ya kilimo na mifugo, si kitu kidogo. Yalianza mwaka 1854 katika mji wa Fairfield, na tangu 1886 yanafanyika kwenye uwanja huu huu wa mashariki mwa Des Moines. Huchukua siku 11, na jimbo lenye wakazi milioni 3 na ushee hupata wageni zaidi ya milioni 1 langoni. Mpwa wangu alikuwa na ratiba yake: kwanza ng'ombe wa siagi. Naam, ng'ombe mzima aliyefinyangwa kwa siagi, anakaa ndani ya kabati la kioo lenye baridi, na desturi hiyo inaendelea tangu 1911. Tulipanga foleni, tukamwona, tukatoka. Nyama ya nguruwe iliyochomekwa kijiti shemeji aliipita bila kuitazama, sisi wengine tukala mahindi ya kuchoma. Hayo yote nimeyataja ili yasije yakasemwa kwamba sikuyaona. Mimi nilikuwa nimefuata banda la ng'ombe.

Kabla hujafika bandani unasikia mashine, vumo kubwa lisilokatika. Nilidhani ni jenereta. Kumbe ni vipulizio vya hewa: ng'ombe akishaogeshwa, anapulizwa manyoya hadi yakauke na kusimama. Kila ukigeuka kuna mnyama ndani ya kibano cha chuma, kichwa juu, na mtoto ameinama mguuni pake na brashi au mashine ya kunyolea. Manyoya ya miguu yanachanwa kwenda juu, yanapuliziwa gundi, kisha yanakatwa kwa mpangilio ili mguu uonekane mnene na mgongo uonekane umenyooka kabisa. Nimeona saluni nyingi River Road, Nairobi, lakini sijaona kichwa kilichohangaikiwa vile.

Nilisimama kwa binti mmoja wa umri wa miaka kumi na miwili hivi, aliyekuwa akimchana maksai mweusi ti. Maksai alikuwa anaitwa Waffles. Nikamwuliza ana uzito gani. Hakuinua macho: "Pauni 1,340." Hiyo ni zaidi ya kilo 600. Zebu wetu wa kawaida, akiwa mzima na ameshiba, hafikii uzito huo, wengi hata nusu yake kwa shida. Nikamwuliza amelishwa nini. Hapo akainuka, akaniangalia vizuri, akaanza kunieleza: mahindi yaliyobarazwa, nyasi kavu kidogo, na makapi ya mahindi yanayobaki viwandani baada ya kutengenezwa ethanoli, maana Iowa hata magari yanalishwa mahindi. Akaniambia alimnunua akiwa ndama aliyeachishwa kunyonya, msimu wa mapukutiko, akiwa na pauni 600. Alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika kila gunia, kila sindano, kila mara alipompima. Baba yake alikuwa ameketi kando kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa, na hakuingilia hata neno moja.

Jambo hilo la baba kunyamaza ndilo lililonifanya nirudi tena na tena kwenye lile banda. Nikiwa mwanafunzi tulipelekwa kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru, yale ya Chama cha Kilimo cha Kenya ambacho mizizi yake inarudi hadi 1901. Tulipanga mstari, tukatembezwa. Ng'ombe wa Friesian na Ayrshire walikuwa wazuri kweli, lakini waliowashika kamba walikuwa wafanyakazi wa mashamba makubwa waliovaa makoti meupe, na utepe ulikwenda kwa mwenye shamba. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukaa nyuma ya kamba na kutosogea. Hapa aliye upande wa pili wa kamba ni mtoto mwenyewe.

Mashindano ya vijana yana njia mbili kuu za kuingilia. Kuna vilabu vya 4-H, wale wa jani la kijani lenye sehemu nne, yaani kichwa, moyo, mikono na afya, ambayo kwa Kiingereza yote huanza na H. Vilabu hivi vilianza kuchipuka mwanzoni mwa karne iliyopita: Ohio mwaka 1902, na hapa Iowa mwalimu Jessie Field wa Kaunti ya Page alikuwa miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo mashuleni. Tangu sheria ya mwaka 1914 vimeshikamana na maofisa ugani wa vyuo vikuu, kwa Iowa chuo chenyewe kiko Ames. Njia ya pili ni FFA (Future Farmers of America, yaani wakulima wa kesho), iliyoanzishwa Kansas City mwaka 1928, ambayo ni ya wanafunzi wanaosoma kilimo shuleni. Hao utawajua kwa makoti ya buluu ya kodrai, hata jua likiwaka vipi.

Ukitaka kuja na maksai Agosti, huwezi kumnunua Julai. Anapimwa na kusajiliwa wakati wa baridi, mwanzo wa mwaka. Anavishwa hereni ya namba sikioni, na manyoya yake machache yanachukuliwa na kuhifadhiwa kwa kipimo cha DNA, ili anayeletwa uwanjani awe ndiye yule aliyesajiliwa. Zamani walitumia alama ya pua, kwa sababu mikunjo ya pua ya ng'ombe haifanani kwa wawili, kama alama za vidole vyetu. Mtoto naye lazima apite mafunzo ya kutunza mnyama na kutumia dawa: asome karatasi ya chanjo, ajue dawa ikishaingia mwilini inachukua siku ngapi kabla nyama haijawa salama kuliwa. Halafu ni mazoezi ya kila siku. Ng'ombe wa kilo 600 hatii kwa sababu umemvuta, anatii kwa sababu alizoea hatamu tangu akiwa na ukubwa ambao ungeweza kushindana naye.

Kesho yake asubuhi tuliingia ukumbi wa mifugo, jengo la mwaka 1902 lenye viti vinavyouzunguka uwanja wa ndani uliotandazwa maranda ya mbao. Kuna mashindano ya aina mbili, na mtu asipoelezwa anachanganyikiwa. Katika ya kwanza anayepimwa ni mnyama. Maksai wanaingia kwa madaraja ya uzito, mitamba kwa umri na aina ya ng'ombe: Angus, Hereford, Simmental, Shorthorn, Charolais na machotara. Jaji, ambaye kwa kawaida huletwa kutoka jimbo jingine ili asijuane na watu, anawatazama kwa ubavu, kwa nyuma, wakitembea. Anamgusa mbavu kuona mafuta yamekaa vipi, anatazama upana wa kiuno na ujazo wa paja, anaangalia kwato zinavyokanyaga.

Katika ya pili anayepimwa ni mtoto. Hii ndiyo niliyoipenda. Ng'ombe anaweza kuwa wa kawaida tu, hata mbovu, na mtoto wake akashinda. Mtoto hutembea upande wa kushoto wa mnyama, mkono wa kulia umeshika kigwe karibu na taya, mnyororo mwembamba ukipita chini ya kidevu. Mkono wa kushoto una fimbo ndefu yenye ndoana ndogo. Wakisimama, mikono inabadilishana: kigwe kushoto, fimbo kulia, na hapo kazi inaanza. Kwa ncha ya fimbo anasukuma ukwato urudi nyuma, kwa ndoana anauvuta uje mbele, hadi miguu minne isimame ilivyopangwa. Akimaliza anamkuna tumbo kwa ile ndoana, polepole, na mnyama anatulia. Muda wote huo macho hayamwachi jaji. Kitana kiko mfuko wa nyuma wa suruali, tayari, ikiwa jaji amevuruga manyoya kwa mkono.

Waffles alikataa kusimama. Kila binti alipopanga mguu wa nyuma, maksai aliupanga anavyotaka yeye. Watu wazima wangekuwa wamekwisha kukasirika. Binti akamtoa kwenye mstari, akamzungusha duara dogo, akamrudisha nafasi yake, akaanza upya, uso haukubadilika hata kidogo. Jaji akamfikia, akamwuliza kitu, akajibiwa, akamwuliza tena. Kisha akawaambia watoto wawili wabadilishane ng'ombe. Hapo ndipo utajua nani ameshika kamba na nani anaburutwa.

Mwishoni jaji alichukua maikrofoni akaeleza sababu zake mbele ya watu wote: huyu nimemweka wa kwanza kwa hili, huyu wa pili kwa lile, na huyu arekebishe hiki. Nilitamani mitihani yetu ingekuwa na mtu wa kusimama na kusema hivyo. Binti wa Waffles alitoka wa tatu. Jaji alimtaja kwa utulivu wake, na mama mmoja nyuma yangu akapiga mluzi uliotaka kunitoboa sikio.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikinyamaza nitakuwa nimesifia tu. Pesa imeingia humu, na imeingia kwa nguvu. Huko Houston, Texas, maksai bingwa wa mwaka 2022 aliuzwa dola milioni 1. Bei za namna hiyo ni mchango kuliko bei ya nyama, na fedha nyingi huelekezwa kwenye masomo ya vijana, lakini zinavuta watu wazima wenye hila. Mwaka 1994 maonyesho ya Ohio yalikumbwa na aibu: maksai waliokuwa wameshinda walinyang'anywa ushindi baada ya vipimo kuonyesha dawa ya klenbuterol, inayojenga misuli na kuyeyusha mafuta, na wengine walikuwa wamepenyezwa vitu chini ya ngozi ili waonekane wamejaa. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kubuni hilo peke yake. Ndiyo maana siku hizi mabingwa hupimwa, na kuna wazazi wanaokereka wakiona familia fulani inanunua ndama wa bei ya gari na kuajiri fundi wa kumpamba. Mzee mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi aliniambia waziwazi: "Shindano la ng'ombe siku hizi unaweza kulinunua. Lile la mtoto bado."

Na kuna la machinjio. Maksai hazai, na hakuletwa kuwa pambo. Mabingwa hupigwa mnada siku za mwisho mwisho, wengine wanapakiwa kwenye malori. Dada yangu aliposikia hivyo alishika mdomo. "Na jina wamempa!" Kwa mtu aliyekulia kwenye boma si jambo geni, kwetu ng'ombe ana jina, ana wimbo wa kumsifu, na siku ya arusi analiwa. Lakini kwetu anayeamua ni wazee. Huku mtoto anaambiwa tangu siku ya kumnunua, na yeye ndiye anayemwongoza hadi lorini. Niliona mvulana mkubwa, ndevu zinaanza kumtoka, amelaza paji la uso ubavuni mwa maksai wake na watu wanapita kana kwamba hawaoni. Sitajifanya nina hakika kama ni vyema kumpa mtoto mzigo huo. Dada yangu hana shaka yoyote kwamba si vyema, na tulibishana hadi usiku.

Shemeji yeye alikuwa na hoja nyingine kabisa. Alitaka kujua kwa nini Kenya hatuna kitu kama hiki, nikamkumbusha kwamba tulikuwa nacho. Vilabu vya 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka 1962 kwa mfano wa hivi vya Marekani, vikalala, vikafufuliwa mashuleni mwaka 2021. Vingi hulima bustani za mboga na kufuga sungura au kuku, ambalo ni jambo la busara ukizingatia ukubwa wa kiwanja cha shule. Maksai wa kilo 600 angekula bajeti yote ya chakula cha wanafunzi.

Mpwa wangu alikuwa hasikilizi historia. Alikuwa ameshapotelea kwenye meza ya 4-H, akiuliza anaanzaje. Mama aliyeketi pale akamwuliza yuko darasa gani. La tatu. Akamwambia kwa Iowa uanachama kamili unaanzia darasa la nne, ila katika maonyesho ya kaunti nyingi kuna daraja la ndama wa ndoo: mtoto anachukua ndama mchanga, anamnywesha maziwa kwa chupa au ndoo, kisha jaji anaketi naye na kumwuliza ndama anaitwa nani, anakunywa kiasi gani, aliwahi kuumwa nini. Na si lazima uwe na shamba, watoto wa mjini huweka wanyama wao kwa jirani au ndugu mwenye shamba, mradi waende kuwahudumia.

Shemeji alikuwa ameshatoa simu, anapiga hesabu ya maziwa ya unga. Dada yangu akamtazama yeye, akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia mimi niliyewaleta bandani siku zote hizo.

"Huyo ndama," akasema, "atalala Minneapolis, kwa mjomba wake."