Shaba Huvimba Ikarudi

Bomba la maji la mtaa wa Broadwick halina mkono. Limesimama kando ya njia katikati ya Soho, jeusi, na watu waliotoka kazini huliegemea wakiongea na simu bila kuliangalia. Dada yangu ameishi London miaka kumi na mmoja na alikuwa hajawahi kuliona.

"Mdogo wangu, umetoka Dar es Salaam kuja kuangalia bomba?"

Nikamwambia nimekuja kuangalia kiwanda cha fataki za bunduki, vile vijikofia vya kuwashia baruti, kilichokuwa namba 37 katika mtaa huu, enzi ukiitwa Broad Street. Kiwanda hakipo tena. Bomba ndilo lililobaki la kusimama mbele yake, na hilo nalo ni la mfano, limewekwa kwa kumbukumbu.

Safari yangu ilianzia kwenye kopo la maziwa ya unga. Babu yangu mzaa mama, kule Rufiji, alikuwa na bunduki ya marisau, yaani ya vigololi vidogo vya risasi, yenye mitutu miwili, nayo ilikuwa kinga ya shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Risasi zake alizitunza ndani ya kopo hilo juu ya dari. Zilikuwa za karatasi nyekundu, ngumu, zenye kitako cha shaba. Wakati wa kiangazi hazikuwa na tabu. Masika yakiingia, kila jioni babu alizitoa moja moja na kuzijaribisha kwenye mtutu. Iliyoingia aliivaa kwenye mkanda, iliyokataa aliiweka pembeni. "Hii imevimba," alikuwa akisema, kama anayezungumzia mguu wa mgonjwa. Usiku mmoja nguruwe waliingia kwenye mahindi, na risasi mbili alizozitegemea, alizozipima saa moja tu kabla, zote mbili zikagoma kuingia. Nilikuwa nimemshikia tochi. Naikumbuka mikono yake ikisukuma ile karatasi kwa kidole gumba, na sauti ya mahindi yakivunjika gizani.

Leo mimi ni fundi wa kukereza chuma, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni bushi na sili za pampu, maana yake nalipwa kuzuia vitu visivuje. Ndiyo maana lile ganda moja tupu lililobaki kwa babu, ambalo mama amelihifadhi kabatini, limenikaa kichwani miaka yote. Nani alifikiria kufungia baruti ndani ya karatasi? Na moto ule wote ulizuiwaje usimrudie mpigaji usoni? Kwenye kitako cha ganda kumegongwa namba 12 na neno ELEY. Dada aliponialika, nilijua nianzie wapi. Ganda lenyewe nililiacha nyumbani, maana kitu kama hicho hupandi nacho ndege.

Wanaojua gobori wanajua jinsi kazi ilivyokuwa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia tambara au karatasi, unamimina marisau, unashindilia tena, kisha unapachika fataki kwenye kijichuchu cha nje. William Eley wa London alianza biashara yake mwaka 1828 wakati bunduki bado ziko hivyo. Bidhaa iliyomtambulisha ilikuwa kijikapu cha waya kilichojazwa marisau na kuvikwa karatasi. Kijikapu kilitoka mtutuni kikiwa kimeyashikilia marisau, kikayaachia taratibu, yakafika mbali kabla ya kutawanyika. Nilipoona mchoro wake nilifikiria dema, lile la kuvulia samaki, isipokuwa hili ni la kukaa kiganjani na kazi yake ni kuachia.

Mwaka 1841 William Eley aliuawa na mlipuko wa ile kemikali ya zebaki inayotiwa kwenye fataki. Wanawe watatu wakaendeleza kazi kwa jina la Eley Brothers. Katika kiwanda cha Broad Street walifanya kazi watu wapatao mia mbili, na waliwekewa mapipa mawili ya maji ya kunywa yaliyojazwa kutoka bomba la mtaani. Kipindupindu kilipolipuka mwishoni mwa Agosti 1854, wafanyakazi 18 wa kiwanda hicho walikufa, wanaume 16 na wanawake wawili. Daktari John Snow, aliyekuwa akiwahoji watu nyumba kwa nyumba, aliambiwa na mmoja wa hao ndugu jambo jingine. Mama yao Susannah, mjane wa William, alikuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa huu, lakini aliyapenda sana maji ya bomba hili na kila siku chupa kubwa ilipelekwa kwake kwa mkokoteni. Naye akafa. Kifo cha mwanamke aliyeishi mbali na kunywa maji ya hapa kilikuwa moja ya hoja nzito za Snow kwamba ugonjwa unasafiri kwa maji. Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba ukang'olewa.

Dada alinyamaza niliposimulia haya. Kisha akagusa bomba. "Baruti ikamchukua mume, maji yakamchukua mke," alisema. Tulikaa pale mpaka mvua ikaanza.

Kesho yake nilikwenda Edmonton, kaskazini-mashariki mwa jiji, ambako Eley walihamishia kazi ya hatari kuanzia mwaka 1865, kando ya mfereji wa mto Lea. Jina bado liko: eneo lote la maghala linaitwa Eley. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ya risasi ilihamia Birmingham, na sasa pale kuna mabohari, gereji na malori. Nilitembea saa nzima kando ya maji. Kwa jicho la fundi mahali panajieleza: uwanja mpana, majengo yangeweza kuachana ili likilipuka moja lisichukue mengine, na maji ya kupitishia mizigo. Zaidi ya hapo hapakuwa na cha kuona.

Mzizi wa ganda la karatasi lakini hauko Uingereza. Nilipanda treni St Pancras asubuhi na mapema, tukapita chini ya bahari, na saa mbili na robo hivi baadaye nikashuka Gare du Nord, Paris.

Katika jiji hili, mwaka 1812, Mswisi aitwaye Jean Samuel Pauly alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya bunduki inayofunguka nyuma na kupokea risasi iliyokamilika: baruti, marisau na kiwashio, vyote pamoja katika kifuko chenye kitako cha shaba. Serikali ya Napoleon ilioneshwa ikaipitisha mkono. Pauly akaenda London, akajishughulisha na puto la kuruka lenye umbo la samaki. Karakana yake ya Paris ilipita mikononi mwa wengine, na baadaye ikaingia mikononi mwa Casimir Lefaucheux.

Huyu Lefaucheux ndiye aliyenipeleka mtaa wa Vivienne, jirani na jengo la zamani la soko la hisa, ambako jina lake lilikuwa na duka. Nilipita mbele ya madirisha ya wauza stempu na sarafu za kale nikijaribu kumwona. Katika miaka ya 1830 alitengeneza bunduki ambayo mitutu yake inakunjika kwa bawaba, inainamisha pua chini kama punda anayekunywa maji, na nyuma inabaki wazi. Hadi leo bunduki nyingi za mitutu miwili zinafunguka hivyo. Ya babu pia. Na mwaka 1835 akaipa risasi yake: bomba la karatasi, kitako cha chuma chembamba, na ubavuni mwa kitako kipini kinachochomoza nje. Nyundo ya bunduki inakipiga kipini, kipini kinaichoma fataki iliyomo ndani, moto unawaka.

Kusoma ni jambo moja. Nilitaka kushika. Jumamosi nilipanda metro namba 4 hadi mwisho wa upande wa Clignancourt, nikatembea hadi soko la vitu vikuukuu la Saint-Ouen. Ni soko la kupotea ndani yake: vioo, saa, vitasa vya milango, nguo za wanajeshi waliokufa zamani. Mbele ya meza ya mzee mmoja niliona sahani ya bati yenye maganda matupu. Kifaransa changu hakifiki popote. Kijana aliyekuwa akipanga viti meza ya jirani alinisikia nikijisemea, akageuka.

"Kaka, unasema Kiswahili? Mimi ni wa Bukavu."

Akawa mkalimani wangu. "Papa huyu anasema ni ya kitambo sana. Usiogope, iko tupu. Shika tu."

Nililiweka kiganjani. Karatasi yake ilikuwa kahawia iliyofifia, kipini chake kimepinda kidogo, kitako chake chembamba kuliko sarafu. Nililiinua kwenye mwanga na kuangalia pale shaba inapokutana na karatasi, maana hapo ndipo swali langu lilipokuwa.

Bunduki zile za mwanzo zilizofunguka nyuma zilivuja. Hewa ya moto ilipenya kwenye mwanya kati ya mtutu na kiwiliwili, nguvu ikapotea, wawindaji wengi wakabaki na gobori zao kwa sababu hiyo. Unaweza kukereza chuma kikakutana na chuma vizuri namna gani? Nakereza kila siku, na nakuambia mwanya hauishi. Mwaka 1846 fundi wa Paris, Houllier, alichukua hataza ya jibu ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Aliacha kupambana na mwanya kwenye bunduki. Akaipa risasi yenyewe kazi ya kuuziba. Kitako chembamba cha shaba, baruti ikilipuka ndani yake, huvimba na kugandamana na ukuta wa mtutu pande zote, mwanya unakufa. Msukumo ukipungua, shaba hujirudi, ganda likatoka. Ni sili inayojitengeneza upya kila mlio, halafu inatupwa. Sisi kwenye pampu tunaomba mpira udumu miezi sita.

Nilisimama na lile ganda mkononi mpaka kijana wa Bukavu akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nasikia sauti ya babu: hii imevimba. Neno ni lilelile. Shaba huvimba kwa moto ikarudi, karatasi huvimba kwa maji na hairudi. Ganda moja limebeba mavimbe yote mawili, na bunduki nzima inategemea lipi litangulie.

Kipini nacho kilikuwa na tabu zake. Ilibidi ukilenge kwenye kijitundu chake juu ya mtutu, gizani si rahisi, na ganda likianguka vibaya kipini kinaweza kupigwa. Lefaucheux alionesha bunduki yake London kwenye Maonyesho Makuu ya 1851, mafundi wa Kiingereza wakaanza kuiga na kurekebisha. Charles Lancaster alitoa risasi isiyo na kipini mwaka uliofuata. Mfaransa Pottet, mwaka 1855, akaiweka fataki katikati ya kitako. George Daw akaileta namna hiyo Uingereza mwaka 1861 akitaka iwe yake peke yake, lakini Eley walimpinga mahakamani na yeye akashindwa, kila mwenye kiwanda akawa huru kuitengeneza. Kipini kikatoweka polepole. Kitako kikabaki na ukingo mwembamba unaozuia ganda lisizame mtutuni na kutoa mahali pa kulivutia nje. Ganda la babu ni mjukuu wa moja kwa moja wa hilo.

Kwenye karatasi ndiko watu wanapita haraka, na mimi nisingependa kupita. Haikuwa karatasi ya kufungia karanga. Ilipakwa gundi na kuzungushwa mara nyingi kwenye fimbo mpaka ikawa bomba gumu, ikakatwa vipande, ikanolewa sawa. Ndani ya kitako ilisokotwa karatasi nyingine kama utepe ulioviringishwa, kushika mizizi ya bomba na kuzuia moto usichome pembeni. Juu ya baruti kilikaa kizibo cha sufi iliyoshindiliwa, kisha marisau, kisha kadi ya duara, na mdomo wa karatasi ukakunjiwa ndani kuibana kadi hiyo. Mkunjo ule ulionekana urembo, kumbe ndio ulioishikilia baruti sekunde ya kwanza ili iwake sawasawa. Ukilegea, mlio unakuwa dhaifu. Na ni mdomo huohuo, uliokatwa na kukunjwa, uliokunywa unyevu kwanza. Walipaka nta, walipaka vanishi, kila kiwanda kilikuwa na yake, na unyevu ulipata njia. Plastiki ilipofika, kampuni ya Remington ikiitoa Marekani mwaka 1960, haikuleta nguvu mpya yoyote. Ilileta ukavu.

Sikulinunua ganda la Saint-Ouen. Nilikuwa na mpaka na mashine za ukaguzi mbele yangu. Mzee aliniruhusu nilipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, niliyotembea nayo, na kijana wa Bukavu akanishikia daftari.

Nilirudi Dar mwezi wa nne, mvua imekolea. Nikamwomba mama ganda la babu. Namba 12 maana yake mtutu wa kupokea mpira wa risasi ambao kumi na mbili zake hufanya ratili moja, na chumba cha nyuma ambamo ganda hukaa ni kipana zaidi kidogo. Nilikereza pete ya chuma kwa kipimo cha chumba hicho, nikaing'arisha, nikalisukuma ganda ndani yake mbele ya mama, kwanza kwa mdomo.

Mdomo uliingia, shaba ya kitako ikisubiri nje kana kwamba imetoka kiwandani jana. Karatasi ikafika nusu, ikakwama. Nilisukuma kwa kidole gumba. Mama aliangalia mkono wangu, akasema, "Hivyohivyo alivyokuwa akifanya."