Kutoka Likoni Hadi Ng'ambo ya Kilifi

Kete ya mwisho ya heroini niliivuta saa tatu usiku, nyuma ya choo cha jirani, ili asubuhi niweze kusimama. Aliyewahi kuamka na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, anaijua hesabu hiyo. Ukivuta saa tatu usiku, ikifika saa mbili asubuhi mwili ushaanza kudai: miayo kwanza, halafu machozi bila kilio, makamasi, kisha mifupa. Kwa hiyo ile safari ya kwenda kituo cha kuacha dawa ilikuwa mbio. Mjomba alitaka tufike kabla sijageuza nia, mimi nilitaka tufike kabla sijaanza kuharisha garini.

Watoto niliwaambia naenda kufanya kazi ya hoteli Malindi. Mdogo akaagiza halua. Mkubwa, binti wa miaka tisa, alikuwa ananifungia begi, tena begi lake la shule maana langu nilishaliuza. Akaniuliza bila kuinua uso, "Mama, hoteli gani inakataza simu?" Alikuwa ameisoma ile karatasi ya kituo: khanga mbili, madera, malapa, sabuni, simu usije nayo.

Nilinyamaza. Ningesema nini? Huyu ndiye aliyefunga mtungi wa gesi kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa kitanda cha nyanyake, baada ya mimi kuuza mitungi miwili. Ufunguo alilala nao shingoni. Asubuhi ile aliufungua mnyororo, akanichemshia chai ya tangawizi, akaepua sufuria, akaufunga tena mbele yangu. Wala hakujificha.

"Ukifika nipigie," akasema. "Kwa simu ya nyanya."

Feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, na miaka yote niliihesabu hiyo kuwa bahati, kwa kuwa shilingi iliyobaki ilikuwa na kazi yake kisiwani. Siku hiyo mjomba alinishika kiwiko juu ya buibui tangu tunateremka hadi tunapanda upande wa pili. Kijana mmoja wa maskani akaniita kwa jina langu la kijiweni. Mjomba akamjibu salamu kwa adabu zote, mkono wake haukulegea.

Barabara ya Abdel Nasser, kisiwani Mombasa, tukapata matatu ya Malindi. Akaniweka dirishani, yeye akaziba njia, kama askari na mahabusu wake.

Watu huniuliza mbona sikubaki nyumbani nikanywa methadoni, dawa ya hospitali inayotuliza arosto. Nilikunywa. Dawa hiyo ilianza kutolewa Kenya Desemba 2014, na nimewaona waliorudi kuwa watu kwa ajili yake: wanafanya kazi, wanapeleka watoto madrasa. Lakini unaifuata kila siku, unaimeza mbele ya muuguzi. Mimi nilitakiwa kuvuka feri kila asubuhi, saa zile zile za kupeleka watoto shule, na njia nzima ni ya watu ninaowadai au wanaonidai. Nikakosa siku moja, nikakosa tatu. Kosa langu, lakini pia ratiba ile haikumfikiria mama. Vituo vya kulala navyo, kimoja baada ya kingine tulijibiwa kwamba vitanda ni vya wanaume. Dada yangu alipiga simu wiki nzima, akianzia namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, mpaka akapata kimoja chenye chumba cha wanawake. Mamangu akauza bangili. Ile moja ambayo sikuwahi kuiona inakofichwa.

Daraja la Nyali tulilivuka vizuri. Kongowea foleni ikatukamata, na ndipo miayo ilipoanza. Kufika Bamburi nilikuwa natetemeka juani, abiria wa mbele akafunga dirisha kwa kunihurumia, akidhani nina malaria. Mtwapa kuna mtu namjua. Gari liliposimama nikamwambia mjomba nimebanwa na haja, nateremka mara moja.

"Jisaidie hapo hapo," akasema taratibu. "Nitafua mimi."

Mzee wa swala tano, hajawahi kushika hata nguo ya mtoto. Nikalia, na haya yalikuwa machozi yangu, si ya arosto.

Mashamba ya mkonge ya Vipingo siyakumbuki, nakumbuka tu mistari ikipita. Kilifi wauza korosho wakajazana madirishani, mjomba akanunua pakiti mbili. Moja akala, nyingine akaisukuma ndani ya begi la binti yangu, kwenye mfuko wa penseli.

Kituoni aliweka sahihi, akanipa mkono kama anayeaga mgeni, akaondoka. Siku ya pili na ya tatu sitazieleza. Kila dakika nilimtaka yule mtu wa Mtwapa kuliko nilivyowataka wanangu, na nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ya nne nikanywa uji ukakaa. Ya sita nikazikuta zile korosho.

Siku ya tisa nikapewa simu ya ofisi, dakika tano. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Mama? Umefika?"

"Nimefika."

Kimya kidogo. Nikasikia mnyororo ukigonga chuma, alikuwa anapika.

"Huko kuna feni?" akauliza.

Nikamwambia iko moja, ya sisi sita.