Mti wa maamuzi wa ghala letu Tororo: uwezekano umepatikana, tena bila kamari

Hatimaye kamati ya ghala imenipa namba za uwezekano wa bei ya mahindi kupanda! Mti wa "tuuze sasa au tuhifadhi", yaani mchoro wa chaguo zetu na matokeo yake, umekamilika matawi yote.

Wenyewe ni mdogo. Mahindi ya msimu wa kwanza yako ghalani. Tukiuza leo, shilingi 1,000 kwa kilo. Tukiyaanika hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 na kuyatunza, gharama ni 150 kwa kilo, kisha bei ama ipande hadi 1,500 ama ishuke hadi 800. Kokotoa kutoka matawini kurudi shinani: kuhifadhi kunalipa pale tu uwezekano wa bei kupanda unapozidi asilimia 50. Hiyo ni hesabu ya dakika mbili. Kilichoninyima usingizi ni asilimia yenyewe.

Kila nikiuliza, jibu ni "Mungu ndiye ajuaye" au "nusu kwa nusu". Na kwenye nusu kwa nusu ndipo hasa mti huu haukuambii lolote! Njia inayofundishwa ni ya zawadi: mtu achague zawadi yake itegemee bei kupanda au itegemee kuchomoa punje nyekundu mfukoni, nawe ubadilishe idadi ya punje nyekundu mpaka aone yote mamoja. Nikatia maharagwe 20 mfukoni. Hajji, mwanakamati anayezijua bei za Malaba, mpakani na Kenya, kuliko sisi sote, akakataa papo hapo. Hiyo ni kamari, hashiriki. Nami makadirio yasiyo na Hajji siyataki.

Dawa ikawa kuondoa zawadi kabisa. "Hajji, kipi unakiona karibu zaidi kutokea: bei kupanda, au mimi nifumbe macho nitoe nyekundu?" Hakuna apataye wala apotezaye. Akakubali, akatulia kwenye nyekundu 13, yaani asilimia 65: kuhifadhi kunaleta wastani wa 1,105 kwa kilo baada ya gharama. Mama mweka hazina akatulia kwenye 9, asilimia 45: kunaleta 965, heri kuuza leo. Nilifurahi mno, kwa sababu sasa ubishi una pa kushikwa. Kumbe Hajji alikuwa akiwaza uhaba wa nafaka, na mama akiwaza mpaka: alitaja Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), kisha ikayaruhusu tena kwa masharti. Miezi yote ya kubishana, sababu hizo mbili hazikuwahi kuwekwa meza moja.

Kuhusu zana: msinunue programu ya kuchora miti. LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, inatosha kwa hesabu, na mbele ya kamati hakuna kinachoishinda karatasi ya manila na kalamu nene, kila mtu anaona tawi lake.

Wiki hii ilikuwa zamu ya jedwali la Saaty la kuchagua msafirishaji, lile la kulinganisha mawili mawili kwa alama 1 hadi 9. Lisubiri. Nataka tawi jipya: kupima sumukuvu kabla ya kuhifadhi, kwa kikomo cha Afrika Mashariki cha sehemu 10 kwa bilioni. Kwa makadirio ya Hajji, hata habari za uhakika kabisa kuhusu bei zina thamani ya shilingi 122.5 tu kwa kilo (zikituonya kwamba bei itashuka, tunauza leo kwa 1,000 badala ya kubaki na 650: asilimia 35 ya 350), na kipimo hiki kinajibu sehemu ya swali, kwa hiyo dari ya thamani yake iko chini ya hapo. Jumamosi naulizia gharama ya kupima shehena nzima.