Mgeni wa kwanza alikuja na mikono yake

Nilipofungua chumba changu cha tiba ya yoga niliwangoja watu wa mgongo. Mgongo ndio niliousomea zaidi, na ndio kila mtu huulalamikia. Aliyetangulia kuingia alikuwa mama mmoja, mfasiri wa vitabu, ambaye mgongo wake ulikuwa mzima kabisa.

"Mwalimu, yoga nimeifanya miaka mingi," aliniambia. "Siku hizi nikiweka viganja chini, vifundo vinachoma. Usiku naamka vidole vimekufa ganzi."

Nikamuuliza, vidole vipi? Akaninyooshea gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo cha mwisho hakikuwa na neno.

Jibu hilo lilinitosha kujua pa kuanzia kutafuta. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa midogo ya kifundo, juu ni utepe mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva inayohudumia vidole vile vile alivyovitaja. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, isiyopita humo. Ukikunja kifundo kwa nyuma, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda. Sasa fikiria mkao wa ubao, ule wa kujiinua kwa viganja na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka: kifundo kimekunjwa karibu nyuzi 90, na uzito wa mwili uko juu yake. Kisha mtu huyo huyo anaenda kuchapa kutwa nzima!

Nilimwomba aende kwa daktari akapimwe neva. Hakupendezwa.

"Nimekuja kwako ili nisiende huko."

"Nenda, mama. Ganzi ya usiku si ya kukisia. Kazi yetu tutaianza leo hii, ila kiganja hakitagusa sakafu."

Tukaenda ukutani. Akaegemeza viganja, nami nikaviangalia kwa muda mrefu, maana hapo ndipo mambo yalipokuwa. Uzito wote ulikuwa umeangukia kwenye kisigino cha kiganja, upande wa kidole kidogo, na shina la kidole cha shahada lilikuwa limeinuka, limeachana na ukuta. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wengi sana, hata wale hodari. Nikamwambia atandaze vidole, akandamize shina la shahada na la gumba, na ncha za vidole zishike ukuta kama mjusi. Kisha nikapanda hadi mabegani, kwa sababu bega lililolegea hukitupia kifundo mzigo wote. Alipozikaza bapa za mabega, akanigeukia: "Mbona hakichomi?"

Akauliza pia kama yoga iliyomuumiza inaweza kumtibu. Nilimweleza kuhusu utafiti wa Marian Garfinkel na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la JAMA. Ulikuwa mdogo, watu 42 tu wenye tatizo la neva hiyo. Wa kundi la yoga walifanya mikao 11 ya viungo vya sehemu ya juu ya mwili kwa wiki 8, na nguvu zao za kushika na maumivu yao vilipata nafuu kuliko kwa wale waliopewa banzi, kifaa cha kukituliza kifundo kikiwa kimenyooka. Kilichonivutia mimi ni kwamba mikao ile ilichaguliwa kwa ajili ya kiungo kinachouma. Hilo ndilo nililotaka chumba changu kifanye.

Alirudi na majibu ya daktari: neva ilikuwa imebanwa kweli, avae banzi usiku. Tukapanga upya kila kitu. Mkao wa mbwa, ule wa kuinua nyonga juu huku mikono na miguu ikiwa chini, akaufanya kwa vigasha, ubao kwa ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka. Ganzi ilipopungua, nikamwekea kabari chini ya mikono, kisigino cha kiganja juu, vidole vikiteremka, ili pembe ya kifundo isiwe kali. Dakika zilikuwa chache, na mapumziko mengi.

"Na ile ya kusimama kwa mikono?" aliniuliza siku moja.

"Bado, mama. Kwanza nataka ulale usiku mzima bila kuamshwa na vidole."

Akacheka, akarudi ukutani.